Dakika tatu na sekunde 26

Kila aliyeniuliza habari za mbio za Iringa alitaka sababu. Muda wangu walishausoma kwenye kundi la WhatsApp la kikundi chetu cha kukimbia, Dar es Salaam, asubuhi ileile, kabla hata sijavua raba. Walichotaka ni kujua nimekosea wapi. Dada mmoja wa Sinza alisema nilianza kwa kasi. Kaka mwingine, ambaye tangu anunue saa ya kupima mapigo ya moyo amekuwa daktari wetu sote, alisema sikulala vya kutosha. Mwingine akauliza kama nilikunywa chai ya maziwa. Na kuna mama mmoja kwenye kikundi chetu, ninayemheshimu sana, alinipigia simu pembeni kuniuliza kama niliposti picha ya namba yangu ya kifuani kabla ya mbio, maana watu wana macho.

Niliposti, ndiyo. Lakini sidhani.

Nilikwenda na malengo matatu, nikayakosa yote matatu. La kwanza lilikuwa kumaliza kilomita 10 chini ya dakika 58. La pili, kama la kwanza likishindikana, chini ya saa moja. La tatu halikuwa la saa: nipande kilima cha kutoka Ipogolo hadi mjini bila kutembea hata hatua moja. Nilimaliza kwa saa moja, dakika moja na sekunde 26, na kilimani nilitembea, tena mara mbili. Hilo la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Muda unaweza kuharibiwa na msongamano wa watu pale mwanzoni, au kona, au upepo. Kutembea umeamua mwenyewe.

Kwa asiyeijua Iringa: mji wenyewe umekaa juu, mita 1,500 na ushee kutoka usawa wa bahari, na barabara kuu ya kwenda Mbeya inapita chini yake, bondeni, jirani na Mto Ruaha Mdogo. Ukishuka kwenye basi pale Ipogolo lazima uinue shingo ndipo uuone mji unaokwenda. Waandaaji wa mbio hizi, ambao sina ugomvi nao, walichora njia kwa ukatili wa kawaida wa watu waliokulia milimani. Unaanzia Uwanja wa Samora, unazunguka mitaa ya juu kilomita tatu, unateremka hadi Ipogolo kilomita tatu nyingine, unageuka, unapanda kulekule ulikoshuka, halafu kilomita ya mwisho unarudi uwanjani. Kwenye tangazo waliandika "njia yenye mandhari nzuri". Mandhari ipo. Kama una pumzi ya kuitazama.

Wengi hudhani njia ya namna hii inajilipa yenyewe: ulichopoteza kupanda ulishakipata kushuka. Kikundi chetu kilibishana jambo hili kwenye simu kwa wiki nzima, na mimi niliyesomea hesabu za fedha ndiye niliyelazimika kukaa na kalamu. Chukua mtu wa kilo 60. Kukimbia kilomita moja ya tambarare kunamgharimu takriban kilokalori 60. Kumnyanyua mtu huyohuyo mita 100 kwenda juu, ukihesabu kwa fizikia tupu, ni kilokalori 14 tu. Lakini misuli yetu ni mashine ya hasara. Katika kila sehemu nne au tano za nishati inazochoma, moja ndiyo inayofanya kazi, zilizobaki zinapotea kama joto, na ndiyo maana unatoka jasho hata Iringa mwezi wa saba. Kwa hiyo zile 14 zinakuwa kati ya 56 na 70. Yaani kila mita 100 za kupanda ni kilomita moja ya ziada ambayo tangazo halikuitaja.

Mteremko unarudisha kidogo, haurudishi vyote. Ukiwa wa pole unakusukuma. Ukizidi kuwa mkali, misuli ya mapaja inaacha kusukuma na kuanza kushika breki, na breki nazo zinakula nguvu, sema bili yake inakuja baadaye. Halafu kuna hesabu ya saa yenyewe, ambayo watu huisahau: kilimani unakaa muda mrefu kuliko kwenye mteremko, kwa hiyo hasara unaibeba dakika nyingi na faida unaionja dakika chache. Ukikimbia kilomita tatu ukiokoa dakika moja kila kilomita, kisha ukazirudia kwa kuchelewa dakika mbili kila kilomita, hujatoka sare.

Na hewa. Pwani tumezoea hewa nzito, ya bure, yenye chumvi. Kwenye kimo cha Iringa mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 17, na oksijeni inayoingia kwa kila pumzi inapungua kwa kiasi hichohicho. Mtu anayetembea sokoni hatagundua kitu. Anayekimbia kwa bidii anagundua mapema sana.

Nayasema haya yote ili ieleweke kwamba nilikwenda nikijua. Hii si hadithi ya mtu wa Dar aliyedhani Iringa ni Masaki. Muda wangu bora wa kilomita 10 ni dakika 53 na sekunde 40, niliukimbia kwenye tambarare ya pwani, alfajiri, hakuna jua. Nikaongeza dakika mbili za hewa na dakika mbili na kidogo za kilima, nikapata 58. Nilimwonyesha kocha wa kikundi jirani, mzee aliyekimbiza vijana wengi, akaziangalia namba akasema zina akili. Akaniongezea neno moja tu: nisiguse akiba kwenye mteremko.

Mazoezi nayo nilifanya. Dar haina milima ya kujivunia, ila anayeitafuta ataipata. Jumamosi kikundi kilipokuwa kinakwenda Coco Beach na kuvuka Daraja la Tanzanite, mimi nilikuwa napanda na kushuka pale Mlimani, chuo kikuu, nikiwapisha wanafunzi wanaokwenda maktaba. Makongo Juu nilipafahamu kila shimo. Siku nyingine nilikwenda Pugu na rafiki mwenye gari, tukakimbia hadi walinzi wakatuzoea. Wiki za mwisho nilikuwa napanda vilima vyangu bila kusimama na bado naongea. Sioni ningefanya nini zaidi kwa mtu mwenye kazi, watoto wawili na foleni ya Ubungo.

Safari naipitia haraka, basi ni basi. Stendi ya Magufuli kabla ya jua, Mikumi tukaona twiga, Ruaha Mbuyuni mibuyu na vitunguu. Kwenye mlima wa Kitonga nilikaa dirishani makusudi. Malori yalikuwa yanapanda yakifuatana, gia ya kwanza, moshi mweusi, utingo mmoja anatembea pembeni ya gari lake na analipita. Nilicheka kidogo.

Nilifikia kwa shangazi yangu, Kihesa. Alinipokea, nikamwamkia, akanivua begi mgongoni akalishangaa lilivyo dogo.

"Hizi ndizo nguo za kukimbilia?"

"Ndizo, shangazi."

"Na umelipa?"

"Nimelipa. Nauli yangu, na ada ya mbio."

Akakaa kimya akipiga hesabu. "Mwanangu, kilima cha Ipogolo sisi tunakipanda na ndoo za nyanya. Hatujawahi kulipishwa."

Jioni alinipikia viazi na njegere, akaniwekea jiko la mkaa nje ya mlango ili chumba kipate joto kabla ya kulala, akanifunika blanketi mbili. Nililala vizuri mno. Nalitaja hilo kwa ajili ya yule kaka wa saa ya mapigo.

Mbio zilipangwa kuanza saa 12:30 asubuhi, zikaanza saa moja na nusu, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa njiani. Mgeni rasmi huwa njiani. Tulisimama uwanjani na baridi ile, tunarukaruka, wanawake tumejifunga vitenge, vijana wa sekondari wamevaa raba za mtumba na wengine kandambili, wanatutazama sisi wa saa za mkononi kwa huruma fulani. Dada mmoja alinisalimia "Kamwene", nikamjibu, akafurahi, halafu akaendelea kwa Kihehe hadi nikaungama kwamba nimeishia hapo.

Kipenga kilipolia nilifanya kila nilichopanga. Kilomita tatu za mitaa ya juu, Gangilonga na pembezoni mwake, nilizikimbia kwa wastani wa dakika tano na sekunde 45 kila moja. Mpango ulisema hivyohivyo. Kwenye mteremko vijana walinipita wakiruka mikono hewani, na mama mmoja mwenye fulana ya benki akanipita akipiga kelele za furaha. Nikawaacha. Nilishuka kwa hatua fupi, mabega yamelegea, namkumbuka mzee na akiba yake. Pale Ipogolo, kwenye koni ya kugeuzia, saa ilisoma dakika 33 na sekunde nane. Mpango ulisema 33 kamili. Nilikunywa maji mafunda mawili, mengine nikajimwagia shingoni, nikageuka.

Hapo nilikuwa mzima kabisa. Pumzi zipo, miguu ipo. Kama ungenisimamisha ukaniuliza, ningekuambia 58 inawezekana.

Kilima chenyewe hakina sura ya kutisha. Ni barabara ya lami, pana, inapanda kwa kona, upande mmoja miamba na miti, upande mwingine unaliona bonde linavyobaki nyuma. Mwinuko wake kwa saa yangu ulikuwa asilimia nne na kitu. Kuna vipande vya Makongo Juu vikali kuliko hapo. Tofauti ni kwamba Makongo unapanda dakika mbili, tatu, kisha kuna bonde la kushushia pumzi. Huku unapanda, unapinda, unapanda.

Mita mia tano za kwanza nilikwenda kama nilivyokusudia, dakika sita na nusu kwa kilomita. Kisha nikaanza kuona kitu cha ajabu kwenye saa: juhudi ni ileile, mwendo unapungua. Nikaongeza juhudi kidogo, mwendo ukarudi kwa muda mfupi, ukapungua tena. Kilomita ya saba niliimaliza kwa 6:52. Sekunde 22 zimekwenda, si neno, nilijiambia, kilomita ya mwisho nitazirudisha nusu.

Mimi huwa nahesabu pumzi. Pwani, nikiwa kwenye mwendo wangu, navuta kwa hatua tatu natoa kwa hatua tatu. Nikibanwa, mbili kwa mbili. Katikati ya kilomita ya nane nilikuwa navuta kwa hatua moja na kutoa kwa hatua moja, na hiyo huwa naifikia mita mia mbili za mwisho wa mbio tu, si nikiwa na kilomita mbili na nusu mbele yangu. Hapakuwa na maumivu. Watu hudhani kilima kinauma. Miguu ilikuwa haiumi popote. Ilikuwa haina kitu ndani. Kwenye tambarare ukivuka mpaka wako unaweza kupunguza mwendo kidogo na kupumzika huku unakimbia. Kilimani ukipunguza kidogo bado unajinyanyua, na ukipunguza zaidi huko si kukimbia tena. Nilikuwa nimeingia gia ya Kitonga.

Nilitembea mara ya kwanza kwenye kona yenye vijana wa bodaboda. Kati ya sehemu zote. Mmoja akasema, "Dada, panda nikusogeze, buku tu." Wenzake wakacheka, na kusema kweli bei ilikuwa nzuri. Nilitembea hadi mapigo yakashuka kidogo, nikaanza kukimbia tena, nikaenda labda mita mia tatu. Kilomita ya nane: 7:41.

Kwenye ya tisa nilipitwa na mama mtu mzima, umri wa mama yangu mdogo, amevaa sketi juu ya suruali na kilemba kichwani. Hakuwa na haraka. Alikuwa anakimbia kwa hatua fupi sana, karibu anaburuza miguu, mdomo umefungwa. Alipofika ubavuni mwangu nilikuwa natembea kwa mara ya pili, mikono kiunoni. "Usisimame, mama," akaniambia. "Tembea, lakini usisimame." Sikusimama. Nilijaribu kumfuata, nikamshika kwa umbali wa nguzo mbili za umeme, kisha sketi ile ikaanza kuwa ndogo mbele yangu. Kilomita ya tisa niliimaliza kwa 8:12.

Juu, barabara iliponyooka, nilipata kitu ambacho hadi leo nakitafakari. Miguu ilirudi. Kilomita ya mwisho, mitaa ya mjini, watu wamesimama milangoni mwa maduka, niliikimbia kwa 5:33. Mpango ulisema 5:25. Yaani mtu aliyeshindwa kukimbia mwinuko wa asilimia nne dakika chache kabla, sasa amebakiza sekunde nane tu kufikia mwendo aliojipangia akiwa amekaa mezani Dar es Salaam na kikombe cha chai. Niliingia Samora nikiwa nakimbia vizuri, kwa fahari karibu, hadi nilipoiona saa kubwa.

Mpango wenyewe ukiujumlisha ulikuwa 57:55, sekunde tano chini ya 58. Ukichukua hesabu zote utaona ilivyokaa. Hadi Ipogolo nilichelewa sekunde nane. Kilomita ya mwisho, sekunde nane. Dakika tatu na sekunde 15 zilizobaki zimelala zote kwenye kilomita tatu za kilima, hakuna kingine. Kwa hiyo dada yangu wa Sinza, sikuanza kwa kasi. Aliyeanza kwa kasi hamalizi kilomita ya kumi namna ile, angemaliza akitambaa. Chai ya maziwa sikunywa. Baridi ilinisaidia, hakuna mkimbiaji wa pwani atakayelalamikia nyuzi 12. Kuchelewa kwa mgeni rasmi tulichelewa naye wote, pamoja na yule mama wa kilemba. Mwingine alinyemelea suala la umri kwa adabu sana, akasema mwili wa arobaini na nne si wa thelathini. Kweli uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni hupungua pole pole na miaka, hilo halina ubishi. Lakini nilipokimbia 53:40 nilikuwa na arobaini na nne hiyohiyo.

Sababu ninayoiamini haina utamu. Lengo lilikuwa la haki, maandalizi yalitosha kwa kadiri ya maisha yangu, mpango niliufuata, na kilima kilikuwa kikubwa kuliko mimi siku ile. Hakuna wa kulaumiwa humo. Naona hilo ndilo linalowasumbua watu, maana kama hakuna kosa hakuna cha kurekebisha, na kama hakuna cha kurekebisha basi lolote laweza kumpata yeyote. Afadhali chai ya maziwa. Afadhali jicho.

Mara nyingi nikifikiria jambo hili namkumbuka Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni. Watoto wa siku hizi hawamjui, na ni aibu. Mwaka 1988 alikimbia Boston Marathon, kilomita 42 na zaidi, na mtu aliyemshinda, Ibrahim Hussein wa Kenya, alimtangulia kwa sekunde moja: saa mbili, dakika nane na sekunde 43 dhidi ya 44. Mwaka 1989 akawa wa pili tena. Mwaka 1990 wa pili tena, safari hii nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Boston ni njia inayoanza kwa kuteremka na kukuwekea vilima vya Newton ukiwa umeshachoka, baada ya kilomita ya 25. Ukikaa na wapenzi wa mbio watakuambia Ikangaa alikosea, alikuwa anatoka kasi mno kwenye mteremko. Sawa. Lakini Novemba 1989, kati ya Boston mbili alizoshindwa, mtu huyohuyo, kwa ujasiri uleule wa kwenda mbele, alishinda New York kwa 2:08:01, rekodi mpya ya mbio zile. Siku hiyo hakuna aliyeiita kasi yake kosa. Mkimbiaji akishindwa tabia yake inakuwa sababu, akishinda inakuwa kipaji.

Na Septemba 2025 tulipiga kelele sote, mimi nikiwa jikoni na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Picha ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Nilifurahi hadi nikaunguza vitumbua. Baadaye usiku nikamfikiria yule Mjerumani. Mtu anakimbia saa mbili na dakika tisa, anajirusha kwenye mstari, anakosa kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Kwao nako bila shaka kuna mtu aliyempigia simu kumuuliza alikunywa nini.

Kundi la pili la watu ni la wafariji, na hawa wananichosha kuliko watafuta sababu. "Muhimu ni kumaliza." "Umeshinda kwa kuthubutu." "Kuna waliolala kitandani." Nashukuru, najua wanatoka kwenye upendo. Lakini sikusafiri siku nzima kwenda kumaliza. Kumaliza kilomita 10 ninakuweza Jumamosi yoyote, kwa viatu vibovu. Nilikwenda kutafuta 58 na sikuipata, na mtu anaponiambia nimeshinda ananinyang'anya kitu ambacho ni changu. Nadhani ni sawa kabisa mtu aseme amekosa, ahuzunike siku mbili, asipewe medali ya maneno. Medali ya chuma nilipewa na kila mtu alipewa, hata yule aliyepanda bodaboda kilomita ya nane, nilimwona kwa macho yangu, na nadhani buku aliyolipa ilimstahili.

Shangazi peke yake hakutafuta sababu wala kunifariji. Nilirudi Kihesa nikamwambia nimetembea. Akauliza, "Wapi?" Nikamweleza kona ile ya bodaboda. Akatikisa kichwa akasema hapo kila mtu anatua ndoo, akanipa uji.

Jumatatu nilikuwa safi, nikadhani nimeponea. Jumanne ndipo bili ya mteremko ilipofika. Misuli inayoshika breki huchanika vipande vidogo visivyoonekana, na maumivu yake huja siku ya pili au ya tatu, si papo hapo. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu na lifti ina desturi zake. Kupanda ngazi nilipanda. Kushuka nilishuka kinyumenyume, nimeshika reli, na mlinzi wa chini akaniuliza kama nimepata ajali.

Mwaka ujao naenda tena. Kocha yule mzee anasema niweke saa moja kamili, lengo la kiungwana, nilipate, nifurahi. Nimekataa, ninaandika 58 tena. Kitakachobadilika ni tarehe ya kufika. Mwili unahitaji kama wiki mbili kuizoea vizuri hewa ya juu, na mimi nilifika Ijumaa nikakimbia Jumapili kwa sababu likizo ndiyo ilikuwa hiyo. Safari hii nimeomba likizo mapema, na nimekubaliwa. Nimempigia shangazi kumuuliza kama naweza kukaa kwake wiki mbili kabla ya mbio.

"Wiki mbili za mwezi wa saba?" akasema. "Karibu sana, mwanangu. Nitakuwa navuna mahindi. Na safari hii lete nguo za maana."